Jicho la Mbambu

Lori lilikuwa limetangulia kwa dakika ishirini.

Kapteni Lanyero aliinama juu ya pikipiki yake, Bajaj Boxer nyekundu, akaipa moto mpaka mwisho. Nyuma yake mzee Kosmasi alikuwa amemshika kiunoni kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umebana kifua cha koti lake kuukuu, kwa sababu ndani ya koti hilo mlikuwa na sungura.

Usicheke. Ndivyo ilivyokuwa.

Casio ya mkononi ilionyesha saa tatu na nusu asubuhi. Ijumaa, siku ya soko la Mpondwe. Mbele ya lori lile kulikuwa na Kikorongo, kisha Bwera, kisha kizuizi cha mpaka. Ndani yake mlikuwa na katoni mia tatu za krimu ya uso iitwayo Belzora. Zikishavuka kuingia Kongo zingetawanyika Beni na Butembo, na hakuna mtu ambaye angeweza kuzikusanya tena.

Krimu hiyo ilikuwa inapofusha.

Lanyero alijua. Alijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiitia machoni.

Simu ikatetemeka ndani ya kofia ya chuma. Akabonyeza kitufe cha sikioni.

"Lanyero."

"Ndiyo, afande."

Alikuwa Afande Kato, mkubwa wake, akiwa Kampala kwenye kiti cha ngozi.

"Uko wapi?"

"Barabara ya Bwera, afande."

"Nani amekutuma Bwera?"

"Afande, hiyo lori..."

"Wacha lori! Mimi nilikutuma kutafuta dhahabu. Dhahabu iko?"

"Hapana, afande."

"Risasi iko?"

"Hakuna, afande."

"Basi kazi imeisha. Mambo ya sungura si kazi yetu. Geuka, rudi kambi. Sasa hivi!"

"Afande, sikusikii vizuri."

"Unanisikia vizuri sana, wewe!"

Lanyero akakata simu. Miaka kumi na miwili kazini, hakuwahi kumkatia mkubwa simu. Leo alikata, na wala moyo haukumdunda. Moyo wake ulikuwa na shughuli nyingine.

Ulikuwa unaona aibu.

Yalianza siku kumi nyuma. Ofisi, ile ambayo haina kibao mlangoni, ilipata fununu kwamba Mkongomani mmoja aitwaye Hardy amefungua kiwanda cha vipodozi nyuma ya stesheni ya zamani ya reli mjini Kasese. Krimu tu, lakini walinzi wanane. Kato alinusa dhahabu. Akamchomeka Lanyero kama msaidizi wa maabara, cheti cha kughushi mkononi, jina la Nasifah.

Alikuwa na kila kitu. Glock iliyoshonewa kwenye bitana ya mkoba. Kalamu yenye kamera. Redio ndogo ya kutosha kiganjani. Mwanamke wa Kiacholi aliyewahi kupita katikati ya waasi akiuza chumvi, aogope nini katika kiwanda cha krimu?

Asubuhi ya kwanza Hardy alimpa glavu na kidude cha kudondoshea dawa, akafungua mlango wa chumba cha nyuma.

Vizimba kumi na kimoja. Sungura weupe kumi na mmoja.

Kazi ilikuwa rahisi, na hapo ndipo ubaya wake ulipolala. Sungura anatiwa kwenye sanduku la mbao, kichwa nje, miguu ndani, asiweze kujikuna. Unafungua jicho kwa vidole viwili. Unadondosha krimu iliyoyeyushwa. Unafumba kope, unahesabu mpaka tano, unaachia. Unaandika. Asubuhi na jioni.

"Sungura hapigi kelele," Hardy alimwelekeza, suti yake ya buluu ikinukia marashi ya bei. "Na machozi yake iko kidogo. Njo maana tunamupenda."

Jasusi akijifichua kwa huruma, kazi imekufa. Ndivyo alivyofundishwa. Kwa hiyo Lanyero alidondosha. Siku ya kwanza mkono ulimtetemeka. Siku ya tatu haukutetemeka tena.

"Nasifah, mukono yako iko mwepesi," Hardy akamsifu. "Uko na kipaji."

Na alifurahi. Hilo ndilo alilokuja kushindwa kuliandika kwenye ripoti yoyote. Kwa sekunde moja, kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu, alifurahi.

Aliyemharibia furaha hiyo ni Kosmasi.

Kosmasi alikuwa Mkonzo wa Karambi, mfugaji. Ndiye aliyemuuzia Hardy wale sungura, akidhani ni wa kuzalisha, kisha akaajiriwa kuwalisha. Hardy aliwabandika namba masikioni. Kosmasi hakuzitambua namba hizo hata siku moja. Kwao mtoto hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa: msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Basi na sungura wake aliwaita vivyo hivyo, mama kwa mama. Mama watatu walizaa majike hao, kwa hiyo kulikuwa na Masika watatu, Biira watatu, Kabugho watatu na Mbambu wawili.

"Namba inapotea," alimwambia Lanyero. "Wewe ukisema 'ile ya pili ya mama mweusi', mimi najua. Nilimtoa kwa tundu na mikono yangu hii."

Kila asubuhi alisimama mlangoni, kofia mkononi, na kuuliza, "Biira ameamkaje, binti yangu?" Kama jirani anayeulizia mgonjwa. Na Lanyero, kwa kuwa hakuweza kumjibu kwa namba, akaanza kuandika orodha mbili. Rejesta ya namba kwa Hardy. Daftari la kurasa themanini, la dukani, kwa majina.

Siku ya tano, Masika wa kwanza alipoteza jicho la kulia. Siku ya saba, Kabugho wawili walikufa. Siku ya tisa, ambayo ilikuwa Alhamisi, saba kati ya tisa waliobaki hawakuona kitu.

Hardy alisoma rejesta akiwa amesimama. Kisha akafungua jiko la mkaa na kuitia ndani.

"Mukubwa, macho yameharibika," Lanyero alisema. "Tutauzaje?"

"Tumejaribu, tumeona, tumesahau. Sungura si mutu, Nasifah."

Mchana huohuo katoni zilibandikwa vibandiko vilivyochapwa mjini. Sungura aliyechorwa akicheka, na chini yake maneno: HAIKUJARIBIWA KWA MNYAMA YEYOTE.

Lanyero alibandika ishirini kwa mkono wake mwenyewe. Kama wale sungura walipofuka ili watu wasipofuke, sawa, tukae tubishane, kuna wenye hoja zao. Lakini hawa walipofuka, wakasema walichokuwa nacho cha kusema kwa macho yao, na habari yao ikatiwa jikoni. Waliteswa bure. Na aliyewatesa bure alikuwa na mkono mwepesi na kipaji.

Picha za kalamu alizituma Kampala. Kato alijibu: picha ya sungura mgonjwa haimfungi mtu.

Ushahidi pekee uliobaki ulikuwa daftari la majina. Ijumaa asubuhi, lori lilipoondoka, Lanyero na Kosmasi waliwatoa sungura. Wanane waliachwa kwa dada yake Kosmasi hapo mjini. Wa tisa, Mbambu mdogo, mwenye jicho moja zima, aling'ang'ania ndani ya koti la mzee, naye hakuwa na moyo wa kumtoa.

Kikorongo ikatokea mbele.

Lanyero akatazama kioo cha pembeni. Land Cruiser nyeusi. Walinzi wa Hardy, kasi ya wazimu.

"Mzee, jishike!"

"Nimeshika wewe na nimeshika Mbambu. Nishike na nini ingine?"

Kwenye njia panda, lori la chumvi kutoka Kabatoro lilikuwa linageuza polepole, limejaa mpaka juu. Kati ya tela na ukingo wa barabara ulibaki upenyo wa mita moja.

Mita moja inatosha Boxer.

Lanyero akaupenya. Goti lake likasugua bati. Nyuma akasikia breki zikilia, kisha kishindo, na Land Cruiser ikateremkia mchangani hadi vitovu vya magurudumu. Dereva wa chumvi alitoa kichwa dirishani akawatukana wote kwa haki sawa.

Nusu saa baadaye, Mpondwe.

Soko lilikuwa limefurika. Vitenge, samaki wakavu, mihogo, wabeba mizigo wakipiga miluzi kupitisha mikokoteni. Lori la Hardy, Fuso, lilikuwa la pili kwenye foleni ya kizuizi. Hardy alisimama karibu nalo, kalamu mkononi, akingoja sahihi moja tu.

Sahihi hiyo ilikuwa ya Mama Blandine, mfanyabiashara wa Butembo, mkubwa wa akina mama wa vipodozi wa ng'ambo ile. Mwanamke mnene, kitenge cha njano, rozari shingoni. Asingetia sahihi, katoni zisingevuka. Kila aliyeuza krimu kwenye mpaka ule alijua hivyo.

Lanyero akaegesha pikipiki. "Mzee, ngoja hapa."

Akapenya umati.

"Mama Blandine, usitie sahihi. Krimu hii inapofusha macho."

"Wewe nani?"

"Nimefanya kazi kiwandani kwake. Soma." Akampa daftari.

Hardy akageuka. Rangi ikamtoka usoni. "Nasifah? Mama, huyu ni kibarua tu, nilimufukuza, mwizi!"

Lakini Mama Blandine alikuwa ameshavaa miwani. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Masika. Siku ya tatu, jicho ya kuume imevimba. Siku ya tano, haoni. Biira, macho yote mbili. Kabugho..." Akasogeza daftari karibu na macho. "Kabugho amekufa alfajiri."

Akavua miwani.

"Haya ni majina ya batoto yetu."

Wanande wa Butembo ni ndugu wa Wakonzo, wanaitana majina yaleyale. Lanyero alijua. Alikuwa amelisahau, au alijifanya amelisahau, hata leo hajui ni lipi.

"Mimi mwenyewe niko Masika!" Mama Blandine akapaza sauti, akijipiga kifuani. "Masika Blandine! Hardy! Umetia dawa kwa macho ya batoto wa watu? Wakimbizi? Beko wapi?"

Sauti ilipita sokoni upesi. Wanawake wakaacha mafungu yao. Wabeba mizigo wakaacha mikokoteni. Mtu akasema wasichana watatu, mwingine akasema kumi. Mwingine akasema aliwajua mama zao.

"Hapana!" Hardy alipiga kelele. "Ile ni sungura! Ni sungura tu!"

"Anaita batoto yetu sungura!"

Jiwe la kwanza lilimpiga begani.

Lanyero alifungua mdomo.

Akaufunga.

Maana lori halingevuka tena. Kazi ilikuwa imekamilika, safi, bila risasi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Kunyamaza alikuwa fundi. Siku tisa alikuwa amenyamaza akihesabu mpaka tano.

Jiwe la pili likampasua Hardy paji la uso. Suti ya buluu ikashikwa, ikachanika. Polisi wawili wa mpakani walikuwa wanasukumana na watu na kushindwa. Kijana mmoja alikuwa tayari anakuja na tairi.

Mkono ukamgusa Lanyero kiwiko. Kosmasi. Alikuwa amepenya umati na koti lake limetuna.

"Binti yangu. Nimesikia wanasoma majina."

Lanyero hakumtazama.

"Wanadhani ni watu," mzee alisema taratibu. "Sema. Yule mtu ni mubaya, lakini hakuua watu. Ukinyamaza, utamtia na yeye kwa daftari."

Uso ulimwaka Lanyero mpaka masikioni. Mzee asiyesoma alikuwa amemsoma.

Akachomoa Glock, akapiga hewani mara moja. Umati ukainama. Akapanda juu ya mkokoteni wa vitunguu.

"Sikilizeni! Si watu! Ni sungura! Mtu huyu amesema kweli!"

Mawe yakabaki mikononi.

"Mimi niliwaacha mdhani ni watoto. Nilijua, nikanyamaza, ili lori lisimame. Nimewadanganya. Naona aibu."

Kosmasi akafungua koti. Mbambu akatoa kichwa, jicho moja jekundu na limetunga usaha, jingine zima. Watu wakasogea kuangalia. Wa kwanza akacheka. Wa pili naye. Kicheko kikazunguka soko zima, na kijana wa tairi akalitua chini akaona haya.

Hardy akajifuta damu. Aliona mlango umefunguka, akauingia.

"Mumesikia? Sungura! Kila kampuni ya dunia ilianza na sungura. Mama Blandine, sabuni uliyoogea asubuhi ilijaribiwa kwa nani? Na wewe haukulake nyama ya sungura? Tia sahihi, tuende."

Mama Blandine alikuwa bado anamtazama Mbambu. "Ni kweli tunakula," alisema, si kwa mtu fulani.

"Mimi pia nakula," Kosmasi akajibu. "Nachinja mara moja, inaisha. Lakini kurudia yeye kila asubuhi, kumfungua jicho, kumuuliza bado unaona? Hiyo sijafanya. Na aibu ni yangu pia. Mimi niliuza."

Hakuna aliyecheka tena.

Mama Blandine akamgeukia Lanyero. "Nani alimutia ile dawa?"

"Mimi, mama."

"Na mukono hii?"

"Mkono huu."

Mwanamke yule akamtazama mpaka Lanyero akatamani yale mawe yamgeukie yeye. Kisha Mama Blandine akapanda kwenye Fuso, akachana katoni, akatoa kopo moja. Akamwona sungura anayecheka. Akafungua kifuniko, akamsogezea Hardy.

"Paka."

"Mama..."

"Ni krimu ya uso, si ndiyo? Umeandika mupaka chini ya macho. Paka chini ya macho yako, hapa mbele yetu. Kisha mimi natia sahihi ya katoni zote mia tatu."

Hardy aliangalia kopo. Soko zima lilimwangalia Hardy.

Akachota kidogo kwa ncha ya kidole. Kidole kikapanda mpaka kwenye shavu. Kikasimama hapo.

Kisha akakifuta kidole chake kwenye suruali, harakaharaka, kwa nguvu, kama anayefuta moto.

Haikuhitajika hati nyingine. Mama Blandine akaitia kalamu yake mfukoni. Mbabazi, afisa wa forodha wa zamu, aliyekuwa ameshuhudia yote kutoka kibandani, akaja na lakiri na mnyororo. "Kibandiko cha uongo kwenye bidhaa," alimwambia Hardy bila kupandisha sauti. "Tuanzie hapo. Macho tutakuja nayo baadaye." Pingu zikalia. Fuso likarudishwa nyuma, likatiwa lakiri, na katoni mia tatu zikabaki Uganda.

Simu ikatetemeka.

"Lanyero! Nimesikia kwa redio. Lori imeshikwa, mtu amekamatwa, hakuna aliyekufa. Wakubwa wamefurahi." Kato alikuwa ameshasahau alichoamuru asubuhi. "Nipe ripoti fupi. Majeruhi ngapi?"

"Kumi na mmoja, afande. Wawili wamekufa."

"Watu?"

Lanyero aligeuka kumtazama Mbambu.

"Nitaleta majina, afande. Na jina la aliyewaumiza."

"Hardy, si ndiyo?"

"Hardy alinunua. Nitaandika na aliyedondosha."

"Wewe mtoto, hiyo usiandike," Kato alisema, kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yake. Lanyero akakata simu mara ya pili siku hiyo.

Kosmasi alikuwa ameketi juu ya gunia la mihogo, Mbambu mapajani, akimlisha jani la kabichi aliyopewa na mwuza mboga. Mtu fulani alikuwa ameahidi kumpeleka Karambi bure.

"Njoo umuage," mzee alisema.

Lanyero akachuchumaa. Alikuwa amevua glavu za pikipiki. Akanyoosha mkono polepole, bila dawa, bila chochote, kumpapasa tu kichwani.

Mbambu aliacha kutafuna. Alinusa vile vidole. Hakukimbia, hakujikunyata. Aliinua uso wake kidogo kama alivyozoeshwa, akafumba jicho lake moja zima, akalifumba kwa nguvu, akangoja.

Lanyero akahesabu mpaka tano bila kutaka. Kisha akaondoa mkono.

"Atasahau," Kosmasi alisema.

"Asisahau, mzee. Ana haki."

Akasimama. Akavaa miwani ya jua, akatia mikono yote miwili ndani ya mifuko ya jaketi, akatembea kuelekea pikipiki yake, bila haraka, kichwa juu. Wauza samaki wakampisha. Mmoja akamwambia mwenzake, tazama yule afande, amesimamisha soko zima na hata jasho hana, anatembea kama hakuna kilichotokea.

Hawakujua kwamba alikuwa anaficha mikono.